Jiwe Ndani ya Michembe

Tangu nirudi, kila anayeniletea simu mbovu ananiuliza swali lile lile: "Fundi Kabula, huko kwenye mkutano wa teknolojia uliona nini?" Nikianza kueleza, simu inapona kabla sijafika hata Kahama, mwenye simu anaondoka, nami nabaki na maneno mdomoni. Sasa nimeandika yote, pamoja na sehemu niliyokuwa naificha kwa aibu. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho. Namna nilivyoalikwa na karatasi nilizojaza naziruka, hazina utamu wowote.

Ibadakuli hadi Kahama

Jirani yangu pale Ibadakuli aliponiona na begi asubuhi alidhani naelekea uwanja wa ndege. Kwake yeye, mtu hawezi kwenda kwenye mkutano wa teknolojia kwa basi. Nikamwambia mkutano uko Geita mjini, na kwamba kabla ya Geita napitia kwa mama yangu, kijiji cha Bujingwa karibu na Kharumwa. Alinitazama kwa huruma, akanisindikiza mpaka barabarani.

Kwenye basi nilifanya kosa la kumsaidia abiria wa pembeni yangu, ambaye simu yake ilikuwa haishiki chaji. Nilichomoa pini kwenye kilemba, nikakwangua vumbi kwenye tundu la chaji, simu ikawaka. Basi zima likaona. Tulipofika Isaka nilikuwa na simu saba mapajani, moja ya kondakta na nyingine ya dereva mwenyewe, ambaye aliamua kuegesha ili nisitikisike.

"Abiria tulieni, fundi yuko kazini," alisema.

Watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima na aliyelalamika ni mama mmoja tu mwenye kuku, naye alinyamaza nilipomrekebishia spika. Nawaambia haya mjue kwamba niliondoka nyumbani nikiwa na kiburi. Nilijiona mtu anayevijua vyombo hivi ndani na nje. Likumbukeni hilo, litatusaidia huko mbele.

Kahama hadi Kharumwa

Baada ya Kahama barabara ilikuwa inatengenezwa, tukapitishwa pembeni kwenye vumbi kwa mwendo mrefu. Nilipofika Bujingwa alasiri, nguo, nyusi na begi vilikuwa vya rangi moja.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu mama.

"Mwadila. Oga kwanza, ndipo nijue kama ni wewe."

Mama yetu ana miaka mingi na maneno machache. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya bati jekundu, bati nililomnunulia mimi, na mbele ya nyumba ndipo yanapoanzia majaruba yake matatu ya mpunga. Siku ile mpunga ulikuwa umeinama na kuanza kugeuka rangi, umebakiza kama wiki mbili uvunwe. Huo mpunga ndio mwaka wake mzima. Mama hapendi kula cha kuletewa. Akikosa mavuno hatamwambia mtu kwamba ana njaa, atasema ameshiba.

Kaka yangu Masalu alikuwa ananisubiri pale na mkewe, Mama Limi. Walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mmoja kwenye kigoda chake, nikajua pana jambo. Masalu anachimba dhahabu. Kwa miaka miwili amekuwa akishuka kwenye duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, mahali ambapo hakuna mwingine aliyewahi kuchimba, na alikuwa hajapata kitu cha maana. Ng'ombe walikuwa wameisha. Magogo ya kuzuia kuta za shimo yalibaki ya hatua chache tu. Mama Limi alitaka aache, arudi kulima kabla shimo halijamfunika. Masalu alitaka aendelee, kwa sababu wiki ile alikuwa amegonga jiwe la aina nyingine.

"Huko Geita nasikia kuna mashine inayosoma jiwe," Masalu aliniambia. "Lipeleke. Ikisema kuna dhahabu, naendelea. Ikisema hakuna, nauza kamba, narudi shambani."

"Apa mbele ya mama," Mama Limi alisema.

Akaapa. Basi mnaona mzigo niliotwishwa. Wengine walikwenda mkutanoni na kompyuta, mimi nilikwenda na ugomvi wa nyumba ya kaka yangu.

Alilitoa jiwe kwenye kitambaa. Lilikuwa jeupe, lenye mishipa ya rangi ya kutu, ukubwa wa ngumi mbili. Akaligonga nyundo moja likapasuka katikati. Nusu akanipa, nusu akaitia mfukoni.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Ukirudi nitaziunganisha. Zisipokutana nitajua wamekubadilishia."

"Au nimebadilisha mimi?"

"Sijasema hivyo."

Lakini alikuwa amesema. Niliumia kidogo. Halafu akanishika mkono. "Kabula, usimtajie mtu lilikotoka. Hata mashine usiitajie."

Wa kwetu mnaelewa. Kwenye ukanda huu wa dhahabu mtu atakuonyesha makovu yake na kukusimulia ugomvi wake na mkewe, lakini hatakuonyesha jiwe lake lilikotoka. Ukimuuliza anaelekeza upande mwingine. Wewe unajua kwamba anaelekeza upande mwingine, unamshukuru, na hakuna anayemkasirikia mwenzake. Kwetu hiyo ni adabu tu, kama kubisha hodi.

Mama alikuwa amekaa akitusikiliza. Alisimama, akasema, "Jiwe haliliwi," akaingia ndani na kutoka na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa, nitafune njiani. Nikalizamisha jiwe humo humo.

Kharumwa hadi Geita

Asubuhi nilipanda mchomoko, yale magari madogo yanayosubiri abiria wajae ndipo yachomoke. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kofia ya pama na vidole viwili visivyo na kucha. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyojaa vumbi la miaka mingi. Jina lake Shigela, mchimbaji tangu ujana. Wenzake walikuwa wamemchagua aende mkutanoni akaone kwa macho yake, arudi awaambie kama hiyo teknolojia ni kweli au ni maneno.

Hatukwenda mbali. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, na mchungaji alikuwa anafahamiana na dereva, wakaanza kuulizana habari za mahari ya mtu. Ng'ombe wa mwisho alipovuka, gari likagoma kuwaka kwa joto. Dereva akaenda kutafuta maji. Tukabaki tumekaa.

"Binti yangu," alisema Mzee Shigela, "hiyo si michembe?"

Kumnyima mzee michembe haiwezekani. Nikamfungulia mfuko. Mkono wake ulizama, ukakaa humo chini kwa muda, kisha ukapanda na vipande viwili. Akatafuna akitazama dirishani. Akaomba tena, mkono ukazama tena, nao ukakaa tena. Mimi nilikuwa natoka jasho ambalo si la jua.

Mwishowe tulifika Geita, tukashushwa Kalangalala, karibu na nyumba ya wageni niliyofikia. Hapo akavua kofia, akanishukuru. "Wabeja, binti yangu. Michembe ya kwenu mizuri. Mmoja tu ndio mzito." Akaondoka mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ukumbini, siku ya kwanza

Sasa nakuja kwenye swali lenu. Nilichokiona kwanza ni kwamba kila mtu amevaa jina lake shingoni. Kwetu unamsalimu mtu, unamuuliza atokako, jina linakuja mwishoni. Kule watu wanakusoma kifua ndipo wakutazame uso. Kijana wa umri wa mwanangu alinisoma kisha akasema, "Fundi Kabula, mambo." Nilimpa nafasi ya kujirekebisha. Hakujirekebisha. Kufika saa nne nilikuwa naitikia "poa," na ulimi haukuanguka.

La pili ni soketi. Ukumbi ulikuwa na vyombo vya kila aina, na watu wenyewe walikuwa wamechuchumaa ukutani wakigombea umeme. Hata yule aliyekuwa anauza betri za kudumu siku nyingi nilimkuta amechuchumaa hapo hapo.

La tatu ni maneno. Mzungumzaji wa kwanza alizungumzia suluhisho lake kwa muda mrefu, na picha nzuri nyuma yake. Nilisubiri aseme tatizo ni lipi. Akamaliza, tukapiga makofi, tatizo halikutajwa. Wakati wa chai nilimuuliza. Aliniambia ni swali zuri sana, akanipa kadi yenye jina lake, akachukua sambusa mbili akaondoka.

Lakini msidhani nilikuwa nadharau. Nilikuwa na furaha kama siku niliyofungua redio kwa mara ya kwanza. Niliona ndege ndogo isiyo na rubani inayopima mashimo kutoka angani, nikamuuliza muuzaji kama naweza kuifungua nione ndani. Aliichukua mezani akaikumbatia. Meza ya pili kulikuwa na kifaa cha kutambua hewa mbaya chini ya mgodi, na mwenyewe, baada ya kunitazama sana, akanipa bisibisi. Tukakifungua pamoja. Ndani mlikuwa na kipande kile kile ninachokitoa kwenye simu za zamani kila siku. Nilimwonyesha wapi unyevu utaingia, akakuna kichwa, akanikubali. Kwa saa ile nilijisikia niko kwa watu wangu.

Na Mzee Shigela? Nilimkuta amevalishwa miwani mikubwa myeusi ambayo ukiivaa unaona umeshushwa ndani ya mgodi wa kuchorwa. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anapapasa hewani.

"Mzee, unatafuta nini?" kijana wa miwani alimuuliza.

"Kamba. Mmenishusha huku, mbona hamkuniachia kamba?"

Watu walicheka. Kijana wa miwani hakucheka, alitoa daftari akaandika. Nilimpenda kwa hilo.

Mashine ya mawe ilikuwa kona ya mwisho. Aliyeiendesha alikuwa mhandisi msichana aitwaye Neema, na kitu cha kwanza alichonipa ni shikamoo, ndiyo maana nikamwamini. Nilichomoa jiwe kwenye michembe. Hakushangaa, alisema tangu asubuhi ameshapokea mawe kutoka kwenye soksi, unga na chupa ya chai. Akakwangua jiwe upande wa nyuma, akasaga unga, akautia kwenye mashine yenye ukubwa wa jiko la mikate. Tukasubiri. Niliomba kimya kimya, ila sikujua naomba nini. Mashine ikikubali, kaka yangu anarudi chini ya ardhi. Ikikataa, miaka yake miwili imekwenda bure.

"Mama," Neema alisema, "dhahabu ipo."

"Nyingi?"

"Ya kutia moyo. Hii si maabara kamili, lakini lingekuwa jiwe langu nisingelitupa."

Hapo ningeaga, msingekuwa na la kusoma. Lakini nilihitaji karatasi ya majibu, maana Mama Limi asingeamini mdomo wangu, na mashine ilikuwa haichapi karatasi mpaka ujaze mahali jiwe lilikotoka. Neema akanisogezea kompyuta bapa yenye picha ya eneo letu iliyopigwa kutoka juu. "Gusa tu mahali penyewe," alisema.

Nimefungua simu nyingi maishani, ila sikuwahi kuiona nchi yetu kutoka juu. Nilipotea. Mashamba yote yalifanana. Nilitafuta mahali pasipo na uhusiano wowote na duara la Masalu, mahali ambapo mwenye akili hawezi kufikiria dhahabu. Ndipo nikaliona bati jekundu la mama. Moyo ulichangamka kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, na kidole kikagusa mbele ya nyumba, katikati ya majaruba.

"Una uhakika?" Neema aliuliza.

"Nimezaliwa hapo," nikasema, na huo ulikuwa ukweli. Karatasi ikatoka. Nilijipongeza kwa uongo safi, wenye adabu zote za kwetu, nikaenda kula.

Siku ya pili, saa ya pilau

Siku ya pili walituita ukumbini kufunga mkutano kabla ya chakula, ila pilau ilitangulia, tukaingia na sahani zetu. Mzee Shigela alikaa safu ya mbele. Mwenyeji wetu akasema sasa tutaona nguvu ya kushirikishana taarifa. Kwenye skrini kubwa ikatokea ramani ile ile, na juu yake nukta, moja kwa kila jiwe lililoletwa na wachimbaji. Nukta za kijivu hazina kitu. Nyekundu ndizo zenye matumaini. Moja ilikuwa nyekundu kuliko zote, na mwenyeji akaisogeza karibu, karibu zaidi, mpaka bati la mama likajaa skrini.

Mikono yote ukumbini iliinuka na simu. Mimi ni fundi, nilijua picha ile itafika Kharumwa kabla sijameza tonge. Nilitazama kiti cha Mzee Shigela. Sahani ya pilau ilikuwa nusu, mwenyewe hayupo.

Nilimkimbilia Neema. "Iondoe ile nukta."

"Mama, si ulisema umezaliwa pale?"

"Mimi nimezaliwa pale. Jiwe halikuzaliwa pale."

Alinielewa. Alinyanyuka akabishana na wenzake muda mrefu, na mwishowe nukta ikafutwa mbele ya watu wote. Hilo likawa kosa kubwa kuliko la kwanza. Ukumbi ulikuwa bado na mashaka, lakini walipoona nukta inafutwa, mashaka yakaisha. Mtu hafichi kitu kisichokuwepo. Viti vikaanza kusogezwa.

Geita hadi majarubani

Nilimpigia Masalu, hapatikani, yuko chini. Nikampigia Mama Limi, nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Akasema, "Naenda kumtoa shimoni," akakata.

Gari nililopata lilipata pancha nje kidogo ya mji. Lilipotengenezwa tukasimamishwa na greda lililokuwa linasawazisha barabara bila haraka yoyote duniani. Tukiwa tumesimama, pikipiki zilitupita pembeni, moja baada ya nyingine, zimebeba sururu, majembe na mabeseni. Sikuweza kuzitazama. Dereva wangu alizipungia.

"Mama, umesikia? Kuna rashi Bujingwa," alisema. Rashi ni pale watu wanapokimbilia dhahabu mpya. "Nikishakushusha nafuata jembe langu."

"Nani kasema?"

Akanionyesha simu yake. Bati jekundu. Picha ilikuwa imenitangulia, na pembeni mtu alikuwa amechora mshale.

Nilifika jua likiwa limeanza kushuka. Kulikuwa na watu wengi na wanazidi kuingia, na mama mmoja alikuwa ameshawasha jiko la chapati. Kamba na vijiti vilikuwa vimegawa majaruba vipande vipande, na mpunga wa ukingoni ulikuwa umelala chini, umekanyagwa. Lakini hakuna aliyekuwa amechimba. Katikati ya jaruba la kwanza, mpunga ukimfika mabegani, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Mzee Shigela, aliyekuwa akisikilizwa na wote, alikuwa amewaambia kwamba hakuna atakayeinua sururu mama wa watu akiwa amekaa hapo, ila jua likigusa kilima wataomba vijana wamnyanyue kwa heshima.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo. Nilipita kwenye tuta nikasimama mbele ya mama.

"Kabula, umewaambia nini watu hawa?"

"Nimedanganya, mayu."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu ilikuwa imeishia kwenye mpunga wa mama yangu. Nikageuka, nikapaza sauti. "Ndugu zangu, hapa hakuna dhahabu. Jiwe ni langu na halikutoka hapa. Nilidanganya ile mashine."

Walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya. "Hata mimi ningesema hivyo hivyo," alisema mmoja.

"Binti yangu," alisema Mzee Shigela, "jiwe lile nililishika kwa mkono huu. Ulipandia Kharumwa, na hapa ni kwenu. Tangu nianze kazi hii, mwenye jiwe akisema hakuna, sisi ndipo tunaponoa sururu."

 Neno moja tu lingewatoa pale, yaani jina la mahali lilikotoka, na neno hilo halikuwa langu. Nilijichukia wakati ule, nasema kweli.

Masalu alifika kwa pikipiki, matope ya shimoni yamemkaukia mwilini, Mama Limi nyuma yake. Nikampa karatasi ya mashine. Akaisoma mara mbili. Uso wake ulifunguka, nikaiona miaka miwili ikimtoka mabegani.

"Ipo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kabula, ipo."

Kisha akainua macho akamwona mama kwenye mpunga.  Masalu alisimama pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari nzima. Halafu akaingiza mkono mfukoni.

"Mzee Shigela, lete kiganja."

Akaweka nusu yake. Akaniomba yangu, akaiweka juu. Nusu mbili zilikutana, hata unywele usingepita katikati.

"Limetoka kwenye duara langu," Masalu alisema, na alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Nyabulanda, nyuma ya kilima cha mawe mawili. Twendeni mkauone ukuta."

Mzee Shigela alilipachua jiwe, akalipachika tena, akalitemea mate na kulitazama kwenye jua. "Hili limepasuliwa na watu wa nyumba moja wasioaminiana," alisema. "Basi ni la kweli."

Akainama akang'oa vijiti vyake kimoja kimoja na kufukia vitundu kwa mguu. Wengine wakafuata. Kabla ya kuondoka alikwenda mpaka ukingoni mwa jaruba, kofia mkononi. "Mayu, tusamehe huu mpunga."

"Mliouangusha mtakuja kuuvuna," mama alisema, na bado hakunyanyuka mpaka mtu wa mwisho alipotoka.

Wakaondoka na Masalu mbele, anawaonyesha njia ambayo kwa miaka miwili alikuwa akiizunguka ili asifuatwe. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuona. Kamba zilikuwa zimelizunguka duara lake pande zote. Nilimuuliza kama amenikasirikia.

"Nimekasirika," alisema. "Nitakasirika mpaka Krismasi." Akachukua kamba yake akaikunja taratibu. "Ila mama angesema ameshiba."

Mezani kwangu

Sasa mnajua. Wiki mbili baadaye watu wanane walikuja kuvuna, Mzee Shigela akiwa mmoja wao, na mama akawapikia wali wa mpunga ule ule. Masalu anaendelea kuchimba kama alivyoapa. Magogo wanachangiana na majirani, dhahabu inatoka kidogo kidogo, haijamtajirisha mtu. Mama Limi anasema sasa analala, maana mumewe akiwa chini kuna watu juu wa kusikia akiita.

Neema alinipigia simu. Aliniomba radhi, nami nikamwomba, kisha akauliza ile fomu waitengeneze vipi. Nikamwambia waongeze kisanduku kimoja cha kugusa, kiandikwe "sisemi." Alicheka, halafu nikamsikia anaandika.

Nusu yangu ya jiwe Masalu hakuitaka tena. Ipo hapa mezani, inazuia karatasi zisipeperuke. Wateja wanaigeuza geuza wakisubiri simu zao, wanauliza limetoka wapi. Nawaambia: Nyabulanda, nyuma ya kilima cha mawe mawili, duara la kaka yangu. Wanatabasamu, wananikonyeza, na kulirudisha mezani taratibu.

"Haya fundi," wanasema, "ficha tu."